Nani ana beseni la Mama?

*Kikundi: Ukoo wa Koko – Goma* (Koko ni bibi, Yaya ni dada mkubwa, Tantine ni shangazi au mama mdogo)

JUMAMOSI

Neema: Jambo wote. Jana nilikuwa CPN, kliniki ya wajawazito, mimba imeingia wiki ya 34. Mkunga akaniuliza kama mfuko wa maternite, wa kwenda kuzalia, uko tayari, nikabaki namtazama tu 🙈 Jioni mimi na Patrick tukaandika orodha. Naiweka hapa, mseme kama kuna kitu tumesahau.

Neema: Kitanda cha bebe chenye chandarua, kigari cha kumsukumia, chupa za maziwa nne, poda, marashi ya bebe, pampasi paketi sita, nguo seti kumi na mbili, viatu jozi tatu

Yaya Zawadi: Viatu jozi tatu, mtoto anaenda wapi?

Yaya Zawadi: Na hicho kigari utakisukuma huko mtaani Ndosho? Juu ya mawe ya volkano? Bora umkodishie chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo 😂😂

Patrick: Yaya tafadhali, kigari ni wazo langu

Yaya Zawadi: Nilijua tu shemeji

Tantine Furaha: Mwacheni, ni mimba ya kwanza. Neema mwanangu, naona vitu vya mtoto kuanzia juu mpaka chini. Vya kwako viko wapi? Utaenda kuzaa na marashi?

Neema: Si hospitali wanatoa vitu, tantine?

Mama: Wanatoa kitanda.

Yaya Zawadi: Na kitanda chenyewe, siku ya kumzaa Ketia tulilala wawili. Miguu ya mwenzangu kichwani kwangu, miguu yangu kichwani kwake.

Esther: Nimetoka zamu ya usiku maternite sasa hivi, nisameheni nikikosea herufi. Neema, anza na vikwembe, vitenge vya kujifunga. Vitano au sita, vile vya zamani vilivyokwisha kulainika, vifuliwe, vianikwe juani, vipigwe pasi, uvifunge kwenye mfuko safi. Usilete vipya. Kikwembe kipya hakinyonyi maji, kinateleza tu juu ya ngozi.

Esther: Viwili kati ya hivyo ni vya mtoto. Cha kwanza cha kumpangusa anapotoka, kinatupwa pembeni. Cha pili kikavu, cha kumfunika akiwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanaleta kimoja, kinaloa, halafu mtoto anafungwa ndani ya ule ule unyevu. Na usiku wa Goma mnaujua.

Esther: Kofia na soksi ziwe juu kabisa. Mimi saa nane ya usiku nauliza kofia iko wapi, mama anasukuma, aliyemsindikiza anamwaga mfuko mzima sakafuni, sabuni inaviringika mpaka chini ya kitanda cha jirani. Naona hiyo sinema kila wiki.

Neema: 😅 kofia juu, naandika

Esther: Pedi kubwa za uzazi, chupi nne zisizobana, sabuni, mswaki, kamambili (ndala), gauni lenye vifungo mbele ili unyonyeshe. Sahani, kikombe, kijiko, termosi. Tochi, juu ya umeme hatuwezi kuapa. Glavu, wembe, pamba, ulizia pale pale utakapozalia: kwingine vimo ndani ya bei, kwingine watamtuma Patrick famasi usiku. Na beseni na ndoo yenye kifuniko.

Mama: Hapo hapo kwenye beseni. Beseni langu la bluu nani analo? Lilitoka kwangu Zawadi akienda kuzaa mtoto wa pili.

Yaya Zawadi: Mama, nilimpa tantine

Tantine Furaha: Mimi? Nililirudisha kabla ya volkano!

Mama: Volkano gani, ya 2002 au ya 2021?

Benja: 💀💀💀

Yaya Zawadi: Mcheke, lakini mimi volkano ya Nyiragongo ya 2021 ndiyo iliyonifundisha mambo ya mfuko. Moto ulitoka Jumamosi tarehe 22 Mei, tukalala nje, tukarudi, tukafikiri yamekwisha. Ardhi ikawa inatetemeka kila mara. Alhamisi tarehe 27 alfajiri wanatangaza tuhame, mtaa tuliokuwa tunakaa wakati ule umo. Mimi tumbo la miezi minane, watoto wawili, baba yao yuko Butembo. Mfuko ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango. Niliuchukua ule tu. Sikuchukua hata sufuria. Tukashika barabara ya Sake kwa miguu, magari yamejaa hayasogei.

Yaya Zawadi: Mungu alisaidia sikuzalia njiani. Lakini siku zote zile vikwembe vya mfuko vilikuwa shuka, vilikuwa mlango, vilikuwa mwavuli. Nilizaa wiki mbili baadaye na kikwembe kimoja kisafi, nilikuwa nimekificha.

Patrick: Pole sana Yaya. Hiyo sikuwahi kuisikia.

Yaya Zawadi: Kwa hiyo Neema, mfuko ukishafungwa umefungwa. Usiufungue kuazima sabuni.

Benja: Koko yuko hapa pembeni yangu, amesikiliza yote nimemsomea. Anasema niandike hivi hivi alivyosema: "Mutoto hajazaliwa banamununulia viatu? Mi nilizala tisa, hakuna siku nilinunua hata soksi mbele. Kitu ya mutoto ikitangulia mutoto, haiko muzuri. Nunueni vya mama."

Neema: Sasa Koko, akizaliwa Jumapili soko limefungwa atavaa nini?

Benja: Anasema "atavaa mama yake."

Esther: Na kwa saa ya kwanza ana haki kabisa 😄

Tantine Furaha: Tufanye hivi. Nguo za mtoto nazinunua mimi, zinakaa kwangu, haziingii nyumbani kwa Neema. Seti nne zinatosha, mitumba mizuri ya pamba, nitazichagua mwenyewe asubuhi wanapofungua mzigo Virunga. Siku ya siku nakuja nazo. Koko hapo anasemaje?

Benja: Amenyamaza. Kunyamaza kwa Koko ni ndiyo nusu

Tantine Furaha: Nachukua hiyo nusu.

Esther: Neema, chupa za maziwa futa. Zote nne.

Neema: Hata moja? Kama maziwa hayatoki?

Esther: Yatatoka. Siku za mwanzo ni kidogo, mazito, ya manjano, na watu watakuambia ni machafu uyakamue umwage. Usimwage hata tone, hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Umweke ziwani ndani ya saa moja, na miezi sita asionje kitu kingine, hata maji. Fikiria chupa: uioshe, uichemshe kila mara, kwa maji ya bidoni (dumu) uliyonunua hujui yametekwa wapi. Kipindupindu hapa kwetu si hadithi. Hela za chupa nunua makala, mkaa wa kupikia.

Yaya Zawadi: Makala na bidoni za maji. Wiki ya kwanza nguo ni kufua tu. Mimi nilikuwa natumia bidoni nne kwa siku na bado sijaoga

Mama: Maji ni juu yangu, namlipa kijana wa chukudu alete kila asubuhi.

Patrick: Na mimi nifanye nini? Naona kila kitu kina mwenyewe

Tantine Furaha: Wewe ni pesa na gari. Pesa usiziweke kwenye simu peke yake, mtandao una siku zake. Weka faranga za kutosha na dola zisizo na kasoro. Nakuambia ninachokijua: niliona baba mmoja kwenye dirisha la kulipia saa tisa usiku, noti ya 20 ina mpasuko mdogo kama ukucha, yule wa ndani anaigeuza kwenye taa, anairudisha. Baba anaitoa tena, anairudisha tena. Mke yuko ndani analia. Ukipewa dola wiki hii ikague pale pale unapopewa.

Yaya Zawadi: Na salio la bili ulizie mapema. Mimi mtoto wa kwanza walinizuia siku nne juu ya salio, mahali penyewe sipataji. Niko uani nafua, nawaona wenzangu wanaagana na manesi, wanapanda pikipiki na watoto wao. Siku ya tano Mama akaja na hela za mbuzi.

Mama: Mbuzi alikuwa na mimba na yeye.

Tantine Furaha: Haitajirudia. Likelemba yetu ya sokoni, mchango wa kupokezana, zamu yangu ilikuwa baada ya miezi miwili, nimebadilishana na mwenzangu, naipokea wiki ijayo. Patrick utanirudishia polepole, usiniandikie karatasi.

Patrick: Tantine sijui niseme nini 🙏 Aksanti sana

Esther: Patrick, gari: usitegemee motari, dereva wa pikipiki, wa kupunga mkono barabarani. Tafuta dereva anayelala mtaani kwenu, uchukue namba yake na ya mwingine wa pili. Mwambie mapema kwamba utampigia usiku. Na ukapime kundi la damu, wewe na Benja. Damu ikihitajika, tusianze kutafuta ndugu saa hiyo.

Benja: Mimi? Naogopa sindano

Mama: Utaogopa ukiwa umekaa pale.

Esther: Neema, uchungu ukianza utakuja kwa mpangilio na kuongezeka, kuna muda wa kuoga na kula. Lakini kuna vitu haviulizwi kikundini, unapanda gari moja kwa moja: damu kutoka, chupa ya uzazi kupasuka maji yakatoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, homa, mtoto kuacha kucheza. Hata kama ni wiki hii. Fishi (karatasi) ya CPN na kadi yako ya mpiga kura viwe mfuko wa pembeni, si chini ya vikwembe.

Neema: Sawa yaya. Nimeogopa kidogo lakini sawa

Benja: Koko anauliza kitovu mtaweka nini. Anasema yeye alitumia majivu ya jikoni, safi, yamechekechwa.

Esther: Koko wangu mpendwa, safari hii hatuweki kitu. Si majivu, si chumvi, si dawa ya meno. Kinaachwa kikavu, pampasi inakunjwa chini yake, kitaanguka chenyewe kati ya siku tano na kumi na tano. Kikinuka au ngozi ikiwa nyekundu, mniletee mtoto siku hiyo hiyo. Na kuoga angoje saa 24.

Benja: Anasema "nilizala tisa"

Benja: Anasema pia niwaambie simu inamuumiza macho. Ameondoka 😬

Mama: Ataacha kununa chai ikiiva.

Neema: Jambo lingine. Yaya Zawadi alisema nikae kwake Kyeshero wiki mbili za mwanzo. Kuna chumba cha chini, naweza kutandika godoro sakafuni nilale na bebe?

Yaya Zawadi: Hapana kabisa! Nakupa kitanda changu. Kile chumba ni shimoni, na upande wetu huku kuna mazuku, hewa ya sumu ya ardhini. Kwa jirani kuku walikufa asubuhi moja wote, mbwa naye. Wewe umesimama huhisi kitu, ile hewa nzito imekaa chini usawa wa goti, ndipo mtoto alipolala.

Mama: Sakafuni hapana. Na mbabula, jiko la makala, usiku msiingize chumbani mkafunga dirisha, hata baridi iwe vipi.

Esther: Mama amesema. Mazuku yanatoka ardhini, ile nyingine inatoka kwenye makala, zote mbili hazigongi mlango. Baridi tunaishinda kwa kofia na kifua cha mama.

JUMAPILI

Patrick: Ripoti. Dereva nimempata, nyumba ya nne kutoka kwetu. Jana saa tano usiku tulijaribu njia mpaka maternite, dakika 25, kuna kona mbili za mashimo nimezikariri. Mfuko umening'inia nyuma ya mlango. Kofia haipo bado, juu ya sheria ya Koko.

Neema: Alinipakia na mto mgongoni kama mgonjwa kweli. Dereva alipoona tumbo alitaka kukimbia

Tantine Furaha: 😂😂 Seti nne nimepata, na blanketi. Zimeshafuliwa, ziko kwangu. Kofia ndiyo sikupata ya maana, zote zimelegea.

Benja: Jamani

Benja: Nilikuwa natafuta chaja kwenye kikapu cha Koko. Kuna kofia ya sufu. Ndogo. Na soksi zake. Na sweta lenye mkono mmoja, mwingine bado uko kwenye sindano.

Yaya Zawadi: KOKO???

Mama: Alianza lini?

Benja: Amenikuta nashika. Anasema tangu mwezi wa nne. Anasema "nilisema musinunue. Nani alisema musifume?"

Neema: 😭😭😭 Koko rangi gani?

Benja: Amefunika kikapu. Anasema utaiona ikiwa kichwani.

Esther: Muambie aifue na kuianika juani kabla

Benja: Anasema "nilizala tisa"

Benja: Halafu Mama, usikasirike. Kikapu kimekaa ndani ya beseni. La bluu.