Familia ya Nguba 🏠 (uwanja wa mawe)

Jumatatu

Furaha 18:07
Jambo familia. Wakwe wa Neema wanaingia Jumamosi ya wiki ijayo, si hii. Leo nimepita nyumbani. Uwanja wa mawe umekuwa kijani kama sombe. Muangalie wenyewe.

Furaha 18:07
📷 Picha

Furaha 18:09
Chini ya avoka njo mubaya zaidi. Nimekanyaga na kiatu cha kanisa, kidogo nianguke. Sasa muwaze babu ya bwana arusi na fimbo yake.

Furaha 18:48
Mumesoma wote. Naona alama za bluu.

Patient 18:52
Yaya tuko kazini 😅

Furaha 18:53
Saa moja ya jioni, kazi gani?

Patient 18:53
Ya kutafuta taksi

Mama Aline 19:10
Mimi nilianguka palepale mwaka jana, hakuna aliyeandika hata neno humu. Mpaka leo mkono unaniuma wakati wa baridi.

Patient 19:11
Mama Aline ile ya Noeli?? Siye tuliwaza unacheza ndombolo 😭😭

Esther 19:11
😂😂😂

Mama Aline 19:14
Mucheke tu.

Furaha 19:15
Jamani. Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunasugua. Kila mutu brosi yake, na mabuti. Nani anakuja?

Bahati (Ubelgiji) 19:31
Huku tunakodisha mashine ya presha, nusu saa imeisha 💪

Furaha 19:33
Bahati, ile presha itaondosha simenti yote kati ya mawe, utanitumia pesa ya masoni? Tena maji ya bomba inakuja usiku. Tutasugua na mikono.

Bahati (Ubelgiji) 19:34
Nilikuwa nasema tu

Patient 19:40
Miye nitaleta javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, pamoja na ile asidi ya choo. Nachanganya zote mbili, kijani inakufa yote

Esther 19:41
PATIENT HAPANA

Esther 19:43
Javeli na asidi ya choo ni hewa ya klorini. Inachoma mapafu. Hata siki usiitie ndani. Javeli na maji tu, basi.

Patient 19:44
Sawa dokta 🫡

Esther 19:45
Infirmiye. Na uniheshimu.

Furaha 19:47
Esther andika vizuri namna ya kufanya, maana Jumamosi kila mutu atakuwa fundi.

Esther 19:58
Kwanza kufagia majani yote mawe yakiwa makavu. Usimwage javeli juu ya majani, ni kuitupa bure. Kisha kopo moja ya javeli kwa kopo kumi za maji. Munamwaga, munaacha dakika 10 ao 15, isikauke, ndiyo maana ni asubuhi kabla jua halijapanda. Halafu munasugua na brosi ngumu, ya plastiki, si ya chuma. Ya chuma inaacha vipande vidogo katika jiwe, vinashika kutu, wiki ijayo uwanja utakuwa mwekundu. Mwisho maji mengi. Glavu mikononi. Kuku wafungiwe, na maji ile isielekee kwenye mboga za lengalenga za Mama Aline.

Mama Aline 20:02
Aksanti kwa kukumbuka lengalenga zangu. Kwa nini si chumvi? Zamani tulikuwa tunatupa chumvi.

Esther 20:04
Chumvi inakula simenti, Mama, na udongo wa pembeni hautaota kitu tena.

Furaha 20:20
Ila tuseme ukweli. Tunaweza kusugua mpaka mikono itoke ngozi, kijani itarudi. Juu ya nini? Maji inalala pale. Leo hakukunyesha tangu asubuhi, na kona ya chini bado ilikuwa na dimbwi. Tundu la maji limezibwa.

Furaha 20:21
Sisemi ni nani.

Mama Aline 20:22
Sema tu. Kioski.

Déo 20:24
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Aline 20:25
Tumeusoma, Déo.

Déo 20:31
Lile tundu lilikuwa limejaa majani ya avoka kabla miye sijaweka hata jiwe moja la kioski. Mulikuwa wapi? Tena ile kioski njo ililipa masomo ya mutu fulani yuko humu.

Patient 20:32
Mutu fulani anasoma, Yaya Déo 🙏 Mutu fulani bado anashukuru

Mama Aline 20:35
Basi tukate muti. Majani, kivuli, unyevu, yote ni ule avoka.

Baba Mukubwa 20:51
Muti hapana.

Patient 20:52
Imeisha hiyo

Baba Mukubwa 21:15
🎤 Ujumbe wa sauti (2:10)

Neema 21:40
Sina mega, sauti haifunguki. Baba Mukubwa amesema nini?

Esther 21:52
Amesema mawe yale baba yetu aliyapanga yeye mwenyewe, Baba Mukubwa akishika kamba upande wa pili. Kila mstari ulikuwa unashuka kidogo, sentimita mbili hivi kwa kila metro, kutoka kwa barza mpaka chini. Walikuwa wanamwaga ndoo juu na kungoja kuona maji inatokea wapi, ikisimama mahali, wanaondosha jiwe na kulirudisha. Amesema tundu lilikuwa la kuingiza mkono mzima. Mwishoni amesema hivi: "Lifunguliwe kabla wageni hawajafika. Sitaki kulisema mara ya pili."

Neema 21:53
😶

Déo 22:37
Nimesikia Baba Mukubwa.

Jumanne

Furaha 06:12
Mumeamkaje. Déo, kwa kuwa umesikia, ni lini?

Furaha 09:30
Déo

Déo 12:48
Nimeongea na masoni. Anasema Alhamisi ao Ijumaa, kama mvua haiko.

Furaha 12:49
Mwezi wa kumi na moja, Bukavu, mvua haiko?

Déo 12:55
Kupitisha maji ni lazima nivunje upande wa kioski. Nani atalipa kuujenga?

Furaha 13:20
Tutaongea Jumamosi, mukiwa munasugua. Baba Mukubwa, muti tumeelewa. Na matawi? Yale mawili tu yanayofunika mawe, jua lipate kuingia.

Mama Aline 15:02
Hajibu.

Furaha 15:03
Nimeona.

Bahati (Ubelgiji) 17:45
Natuma dola 20 za javeli na brosi. Si za kioski.

Patient 17:46
😂😂😂 Bahati

Furaha 17:50
Aksanti Bahati. Na siku yenyewe ya wageni, ikinyesha, tutatupa mchanga mkavu kutoka geti mpaka barza, tuufagie kesho yake. Patient, mifuko miwili ya mchanga, uiweke chini ya bati isiloe.

Patient 17:58
Mchanga sawa. Jumamosi njo nitachelewa kidogo

Ijumaa

Furaha 19:05
Mpaka sasa ni miye, Esther na Neema. Wengine? Déo, masoni alifika?

Déo 20:40
Alifika, akaangalia, akaenda. Anasema bei atanipa kesho.

Mama Aline 21:16
Hiyo kesho, funguo ya geti iko na nani?