Tupeane uzoefu: kifaa gani cha baiskeli ya mlimani kimekulipa kweli kwenye njia zetu?

Wa Kisongo

Wakuu habari za wikendi. Naomba tukusanye hapa simulizi za watu wanaoingia porini na baiskeli kweli, maana matangazo ya vifaa tumeshayasoma ya kutosha na mengi yameandikwa kwa ajili ya misitu ya Ulaya. Swali langu ni moja tu, kifaa gani ulikitia hela ukaona tofauti kwenye njia za huku kwetu?

Naanza mimi, niko Arusha. Kwangu ni tairi za tyubulesi, yaani zisizo na tyubu ndani, wala sifikirii mara mbili. Ukitoka Kisongo kuelekea Monduli ni migunga mitupu, miba imejaa mpaka kwenye njia za ng'ombe, ile mirefu myeupe inapita tairi zima zima. Zamani matembezi yote yalikuwa kuziba pancha, unatoa tyubu unaijaza upepo unatafuta tundu, unasugua, unapaka solushen, unabandika kiraka, unaenda mita mia mbili psssss unashuka tena. Sasa hivi rimu imepigwa tepu ndani, tairi ni inchi 29 kwa 2.3, na kila tairi naweka mililita 100 hivi za ule ute mweupe wa kuzibia. Mwiba ukiingia unauchomoa, unazungusha gurudumu tundu liangalie chini, ute unatoka unaganda, unapiga pampu kidogo unaendelea.

Ila jueni kwa joto letu ule ute unakauka haraka, kila baada ya miezi miwili mitatu fungua uangalie. Faida nyingine ambayo watu hawaisemi ni presha. Nina kilo 74 naendesha psi 22 mbele na 25 nyuma, tairi linalala kwenye mawe linashika badala ya kudundadunda. Ukiwa na tyubu ukishusha hivyo ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu unapata matundu mawili kwa mpigo. Na tyubu moja ya akiba ibebe siku zote, tairi likichanwa na jiwe hakuna ute utakaoziba.

Haya leteni.

Mzee wa Karura

Poa sana hii. Mimi ni wa Nairobi, siku za kazi naenda Karura juu iko karibu, wikendi ni Ngong ama Kereita. Kwangu ni dropa, ile posti ya siti unabonyeza kwa hendo inashuka. Watu husema ni ya wenye pesa lakini nenda Ngong pale juu penye zile mashine za upepo uanze kuteremka na siti imekaa juu uone vile inakusukuma mbele. Siti ikishuka mwili unapata mahali pa kwenda, unaweka matako nyuma na chini, mikono inalegea, unaanza kuangalia njia badala ya kuangalia gurudumu. Halafu ukifika kwa mlima mwingine unabonyeza tena inapanda, hakuna kusimama kufungua na spana. Mimi heri niendeshe baiskeli yenye shokapu ya mbele peke yake na dropa, kuliko ile ya shokapu mbili na siti haishuki.

Lakini kama unaanza tu na unaenda Hell's Gate kule Naivasha usisumbuke na hizi vitu. Kutoka Elsa Gate mpaka kwa korongo ni barabara ya vumbi, karibu tambarare, pundamilia na twiga wako hapo kando, unahitaji maji, kofia ngumu na tairi nzuri basi. Nyati ukiwaona usipite katikati yao, ngoja waondoke.

Mama Breki

Hapa Lushoto jamani ni breki, breki, breki. Mji uko karibu mita 1,400 na Mombo chini kule ni tambarare, kwa hiyo ukiamua kushuka unashuka kweli na vijia vya mashambani vina udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza vibaya mno. Nilikuja na breki za kubana rimu, mkono ukawa unakufa ganzi kabla sijafika Soni. Sasa nina diski za mafuta, mbele nimeweka sahani ya milimita 180 badala ya 160, navuta kwa kidole kimoja tu. Pedi natumia zile za chuma, za oganiki kwenye tope huwa zinaisha mapema sana. Na siburuzi breki mteremko mzima, nabana kwa nguvu kabla ya kona halafu naachia, diski ipate kupoa.

Lakini kubwa nililotaka kusema ni hili na naomba mlisambaze. Breki za baiskeli zina mafuta ya aina mbili, kuna zinazotumia mafuta ya madini, Shimano zote ziko hivyo, na kuna zinazotumia DOT kama ya gari na pikipiki. Hayachanganywi! Mwenzetu mmoja hapa alijaziwa DOT kwenye breki za mafuta ya madini na fundi wa pikipiki, fundi mzuri tu wa pikipiki zake, raba za ndani zikavimba, mkono wa breki ukawa unabanwa haurudi. Akiwa njiani Magamba. Bahati alikuwa anapanda mlima. Kwenye kifuniko cha mkono wa breki kwa kawaida imeandikwa, msomeshe fundi kabla hajafungua.

Wa Moshi

Nakubaliana na dada hapo juu. Huku wanaopanda Kilimanjaro kwa baiskeli wanatumia njia ya Kilema, inatokea Horombo mita 3,720, na kurudi ni kuteremka muda mrefu, pedi za akiba siyo anasa.

Halafu kaka wa Kisongo hujasema kuhusu tope la mbuga. Lile jeusi likilowa linajaa kati ya tairi na fremu gurudumu linagoma kabisa, unaishia kuibeba. Hakuna kifaa cha kukusaidia, mvua ikinyesha badilisha njia.

Wa Kigali

Mimi nasema gia nyepesi. Huku kwetu vilima haviishi, na ukienda ile njia ya Congo Nile kando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, unapanda unashuka unapanda mpaka jioni. Nina gia moja ya meno 30 mbele na nyuma kubwa kabisa ni meno 50, napanda nimekaa, napumua. Watu wanahangaika na uzito wa fremu gramu mbili tatu wakati miguu imeisha saa nne asubuhi.

Niongeze tu kwamba mchezo huu siyo wa wageni. Adrien Niyonshuti alishindana baiskeli ya mlimani Olimpiki ya London 2012, akabeba na bendera ya Rwanda, akamaliza wa 39. Mtu wa Rwamagana huyo. Mimi nikimkumbuka sipendi kusikia mtu anasema hii ni michezo ya wazungu.

Mgeni Dar

Wakubwa shikamooni. Nina laki sita, niko Dar, nataka kuanzia Pugu. Ninunue mpya ya dukani yenye shokapu mbili au mtumba?

Wa Kisongo

Marhaba mdogo wangu. Kwa hela hiyo mtumba, tena ya shokapu ya mbele tu. Zile mpya za bei hiyo zenye shokapu mbili ni springi na chuma kizito, nguvu yako yote inaishia kunesanesa. Tafuta ya aluminiamu, gurudumu 26 siyo dhambi, tyubu zake utazipata mpaka sokoni kijijini. Ukifika kwa muuzaji angalia miguu ya foki, ikiwa imechubuka na inavuja mafuta achana nayo. Angalia fremu pale chini ya usukani kama ina ufa, kwenye maungio hasa. Angalia kama fremu na foki zina masikio ya kufungia diski, maana kama hayapo huwezi kuja kuongeza baadaye. Shika pedeli utikise kushoto kulia, ikicheza beringi zimekwisha, hiyo inatengenezeka ila punguza bei.

Mama Breki

Na simama nyuma yake uchungulie kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia dereilea, ile inayohamisha mnyororo kwenye gia za nyuma, kwenye fremu. Kikiwa kimepinda gia hazitakaa sawa hata ufanyeje, na kila fremu ina chake, kwa hiyo ukikipata nunua viwili. Ikishindikana tuma picha yake hapa kabla hujalipa tukuangalizie.