Nachukua mtoto wa paka, nipo Mtwara: nimekosa nini kwenye maandalizi?

Chikongola_Juu
Habari za humu wadau. Nimeahidiwa mtoto wa paka jike kutoka Mikindani, sasa ana wiki sita. Nataka kumfuata Jumamosi kwa bodaboda. Nimeandaa maziwa ya ng'ombe, dagaa wakavu na boksi la mchanga wa ufukweni. Mke wangu ni mjamzito, na stoo kuna mifuko ya salfa ya mikorosho. Nini nimesahau?

MfugajiLindi
Jumamosi ni mapema, mkuu. Mwache kwa mama yake hadi wiki nane, tena kumi ni bora. Huko ndiko anakofundishwa na ndugu zake kung'ata bila kuumiza. Akifika wiki nane awe na gramu 700 hadi 900 hivi. Mizani ya dukani inatosha, mtie kwenye kikapu kisha toa uzito wa kikapu.

Maziwa ya ng'ombe achana nayo. Paka wengi tumbo lao haliwezi kusaga sukari iliyomo, anaharisha, na kwa umbo lile dogo anaishiwa maji mwilini upesi sana. Kinywaji chake ni maji tu.

Dagaa wakavu wengi wana chumvi. Chemsha vibua wabichi bila chumvi, toa miiba yote, mpe mara nne kwa siku, kijiko kimoja au viwili vya chakula kila mlo. Ukitaka kuongeza ugali, uwe kidogo tu, maana paka anaishi kwa nyama na samaki. Badilisha na kuku au yai la kuchemsha, asile samaki peke yake. Tenga sehemu yake kabla hujaunga mchuzi: vitunguu maji na saumu huharibu damu ya paka. Wiki ya kwanza mpe kile alichozoea Mikindani, kisha changanya kipya taratibu.

Bi_Shangani
Mchanga wa ufukweni una chumvi, naye hujilamba nyayo kutwa. Tumia mchanga wa ujenzi uliochekechwa au maranda ya mbao laini. Boksi litalowa na kunuka, bora beseni lenye ukingo wa sentimita 7 au 8, mchanga wa kina cha sentimita 4. Liweke mbali na chakula, na mpeleke hapo kila akiamka na kila akimaliza kula. Akijisaidia pembeni usimpige. Aghalabu beseni ni chafu au lipo mahali pa kelele.

Mke wako asiguse beseni hilo. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, hatari kwa mimba. Vikishatoka huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo wewe zoa kila siku bila kulaza. Beseni lioshe kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe ukizitia majini ni sumu kwa paka.

MfugajiLindi
Salfa ifungiwe, au ipandishwe juu kabisa. Vumbi lake huwasha macho na mapafu, na likishika kwenye manyoya atalilamba. Sumu ya panya nayo iondoke, pamoja na panya waliokwisha kuila.

Usafiri: panda bajaji, umtie kwenye kikapu chenye mfuniko, ndani kitambaa alicholalia na mama yake. Akifika, chumba kimoja tu kwa siku tatu nne. Atajificha uvunguni, usimvute, mwachie chakula. Ila akipitisha siku nzima bila kula, ni daktari wa mifugo.

Chikongola_Juu
Asanteni sana. Ana viroboto. Ile dawa ya mbwa ya kupaka mgongoni, nimpunguzie kipimo?

Bi_Shangani
Hapana kabisa! Nyingi zina pamethrini, dawa ya kuua wadudu. Paka hawezi kuivunja mwilini, huanza kutetemeka na anaweza kufa. Chukua chanuo la chawa, mchane kuanzia shingoni, kila kiroboto kitumbukize kwenye maji ya sabuni. Matandiko fua kwa maji ya moto. Mfunue ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto au minyoo wamemmaliza damu, mpeleke siku hiyohiyo.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Hata anayeonekana mzima apewe, minyoo hupita kwenye maziwa ya mama. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki ya 12. Ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri, hasa ikikaribia 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.