Nakwenda Mbeya kwa TAZARA na Zenit ya marehemu baba, naombeni ushauri

Mjukuu wa Tukuyu

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao napanda treni ya TAZARA kutoka Dar hadi Mbeya, kisha Tukuyu kumsalimia bibi, halafu nateremka Matema kulala siku mbili ziwani. Kurudi nitapanda ndege Songwe.

Marehemu baba aliacha Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2, ile kamera nzito ya Kirusi. Picha zetu zote za utotoni zilipigwa nayo. Juzi nimeitoa sandukuni, nikaifuta vumbi, nikabonyeza. Ule mlio wake ulinirudisha ukumbini kwetu, baba kapiga goti, anatuambia tusitikisike. Nikaamua: safari hii naenda nayo.

Nina mikanda 3 ya Kodak Gold 200, kila mmoja picha 36. Nitajuaje kama kamera bado nzima? Sindano ya mita ya mwanga haisogei kabisa. Na simu niiache nyumbani? Mke wangu anahofia nitarudi bila hata picha moja ya bibi, na bibi umri umekwenda.

Fundi wa Lenzi

Mkuu, hongera kwa kuitunza. Mita ya Zenit-E inatumia seleniamu, yaani hupata umeme wake kutoka kwenye mwanga wenyewe, haina betri. Ikichoka ndiyo basi, na wala usisikitike, kwa sababu kamera yenyewe haihitaji umeme wowote. Kwa mkanda wa 200 kwenye jua la wazi, weka 16 kwenye lenzi (tundu la mwanga: namba ikipungua, mwanga unaongezeka) na 250 kwenye shata (pazia hufunguka sehemu ya 250 ya sekunde). Wingu likifunika jua, shuka hadi 8. Kwenye kivuli cha mwembe, 4. Ukisitasita, ongeza mwanga: mkanda wa rangi wa negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Bibi mtoe barazani asubuhi, usimpige picha ndani ya nyumba.

Helios hiyo ina pete mbili za mwanga. Unafungua hadi 2 ili uone vizuri na kulenga, kisha lazima uzungushe pete kurudi kwenye namba yako kabla ya kubonyeza. Ukisahau, picha zinaungua.

Kuhusu uzima: kabla ya kuweka mkanda, fungua mgongo wa kamera, ingia chumba chenye giza, mulika pazia la kitambaa kwa tochi. Ukiona vitundu vya mwanga, ipeleke kwa fundi kwanza.

Bint Wete

Kaka yangu, mimi nakuomba kitu kimoja tu. Ukishaweka mkanda, kila ukivuta wenzo wa kusogeza mkanda tazama kitufe cha kurudishia mkanda, kile cha kushoto. Kisipozunguka, mkanda haukushika. Nilipiga harusi ya dada yangu mwanzo hadi mwisho, nikafika picha ya 40 na bado unakwenda! Arusi nzima haikuingia hata picha moja. Mpaka leo linaniuma.

Na ukirudi pwani usiirudishe sandukuni. Joto na unyevu wa huku huotesha ukungu ndani ya lenzi. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Msafiri wa Reli

Nimepanda treni hiyo mara tatu na kamera ya mkanda. Dirishani weka shata 500 na ulenge vya mbali, milima na mashamba, maana miti ya karibu itakuwa michirizi tu. Kwenye madaraja na stesheni omba ruhusa kwanza.

Utamu wenyewe uko kwenye vituo. Mlimba nilimpiga picha mama muuza ndizi. Kwa simu ningepiga kumi nikaondoka. Kwa mkanda nilishuka, nikanunua, tukaongea, nikasubiri jua limguse shavu, nikapiga moja. Akaniuliza, "Iko wapi?" Nikamwambia bado imo ndani. Safari iliyofuata nilimpelekea imesafishwa, akaifunga kwenye upindo wa kanga yake. Sina picha ninayoipenda kuliko ile.

Simu nenda nayo, mpige bibi picha kwa vyote viwili, mkeo ana hoja. Baada ya hapo izime.

Mswahili wa Muscat

Nyongeza kwa ajili ya Songwe: mikanda ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi la kupakiwa, mionzi ya mashine za ukaguzi kule ni mikali zaidi. Omba kwa upole wakague kwa mkono. Iweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani ili waione bila kufungua.

Mjukuu wa Tukuyu

Shukrani sana wakuu. Nilimulika pazia jana usiku, halina hata tundu. Mkanda wa kwanza nimeutoa kwa majaribio, nimeuweka leo asubuhi na kitufe cha kushoto kinazunguka. Nimeshapiga nne. Ya nne ni mke wangu anaanua nguo, saa kumi na moja jioni, jua likipenya kwenye shuka. Nimeweka 4 na 125. Jumatatu naupeleka kusafishwa, nitawaletea majibu humu.