Meno ya watoto wa darasa langu: kipato cha nyumbani kinahusika vipi?

Mwalimu wa Awali

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya wanaojua mambo ya meno, na ya wazazi wenzangu pia.

Mimi ni mwalimu wa awali. Nilifundisha miaka kadhaa shule ya binafsi Mikocheni, sasa niko shule ya serikali huku Mbagala. Watoto ni wa umri uleule, miaka 4 hadi 6, na nyimbo tunaimba zilezile. Wakifungua midomo kuimba ndipo naona tofauti, na tofauti hiyo inaniumiza.

Asubuhi huwa tunakagua kucha na meno. Huku nina watoto ambao meno manne ya mbele, ya juu, yamelika mpaka yamebaki vishina vyeusi karibu na fizi. Ajabu ni kwamba ya chini yako salama, meupe kabisa. Yupo binti mmoja ambaye ukimpa hindi la kuchemsha haling'ati. Anapukuchua punje mojamoja kwa kidole gumba, anazitia mdomoni upande wa kulia, anatafuna polepole, na mkono mwingine umeshika shavu la kushoto. Wiki iliyopita alisinzia mezani kabla hata ya uji. Bibi yake akaniambia hakulala usiku kucha, jino.

Mikocheni nako meno yaliyotoboka yalikuwepo, tena mengi. Watoto walikuja na juisi za boksi na keki kila siku ya Mungu. Ila ukitazama magego yao unakuta yamezibwa. Mtoto akilalamika Jumatatu, Jumatano hayupo darasani, kapelekwa kwa daktari wa meno.

Wenzangu ofisini wanasema wazazi wa huku ni wazembe. Nakataa. Mama wa yule binti anauza samaki, anatoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi soko la samaki la Feri. Mtoto anabaki na bibi, na mama anamwachia mia mbili ya kula shule. Jioni anarudi miguu imevimba. Huyo utamwitaje mzembe?

Kwa hiyo nauliza: hali ya kipato cha familia inahusiana kweli na kuoza kwa meno ya mtoto, au ni sukari tu na mswaki? Na mimi mwalimu naweza kufanya nini darasani bila kumdhalilisha mzazi yeyote?

Baba Salma

Mwalimu, pole na kazi. Ila umaskini tusiusingizie. Sisi tumekulia Kilwa, hapakuwa na dawa ya meno, tulisugua kwa mswaki wa mti na mkaa, na meno yetu mpaka leo yanavunja mfupa. Hiyo mia mbili mtoto angenunua ndizi. Tatizo ni pipi na wazazi kushindwa kusema hapana.

Tabibu wa Meno

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni tabibu wa meno, nimefanya kazi vituo vya afya vya Pwani na Dar es Salaam kwa muda mrefu. Unachokiona kwenye ukaguzi wako wa asubuhi ndicho ninachokiona kwenye kiti changu.

Nianze na hayo meno manne. Mtoto mdogo akilala na chupa ya maziwa yenye sukari, au akinyweshwa uji mtamu usiku akasinzia hapohapo, utamu unabaki umegandia meno ya mbele ya juu. Ya chini yanafunikwa na ulimi na kuoshwa na mate, ndiyo maana yanapona. Na usingizini mate hupungua. Ukiona juu vishina na chini meupe, jua kazi ilianza zamani, mtoto akiwa na mwaka mmoja au miwili, kabla hujamfahamu.

Jino linaozaje? Bakteria waliomo kwenye utando wa meno wanakula sukari na kutoa asidi, na asidi inanyonya madini ya jino. Mtoto akiacha kula, mate yanaituliza ile asidi na kurudisha madini kidogokidogo, kazi inayochukua kama nusu saa hadi saa nzima. Anayekula kitu kitamu mara moja akamaliza, mate yake yanapata nafasi. Anayemung'unya ubuyu tangu saa nne hadi saa saba, hayapati.

Hapo ndipo ile mia mbili inapoingia. Baba Salma, ndizi ni nzuri na laiti wote wangenunua ndizi. Lakini ndizi inaisha kwa dakika mbili na njaa inarudi. Mtoto aliyepewa mia mbili ya kutwa nzima hatafuti tamu tu, anatafuta kitakachomfikisha jioni, na vitu vya mia mbili vinavyodumu mdomoni karibu vyote ni sukari: pipi ya kijiti, ubuyu wa rangi, barafu, jojo. Yule mwenye mkebe wa chakula kutoka nyumbani naye anakula tamu, ila anaila na mlo, akashiba, akaenda kucheza.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja kubwa: umaskini peke yake hautoboi jino. Nimefanya kazi vijiji vya Rufiji ambako sukari ilikuwa ya chai ya asubuhi, ikiisha imeisha. Meno ya watoto kule yalikuwa mazuri kuliko ya mjini. Kilwa ya utoto wako ilikuwa hivyohivyo. Mkaa haukuwa na kazi kubwa kama unavyodhani, ni sukari haikuwepo. Hata Norway na Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilipoadimika, meno ya watoto yaliyooza yalipungua, na sukari iliporudi, uozo ukarudi nayo.

Kwetu sukari ilianza kwa wenye nacho. Zamani mtoto mwenye meno mabovu alikuwa wa mwenye duka. Siku hizi utamu umekuwa kitu rahisi kuliko vyote, umewafikia wasio nacho mpaka mlangoni. Mswaki wa kila mtoto, dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga jino lisioze) na daktari havikufika pamoja nao. Nimeingia nyumba ambazo mswaki ni mmoja, wa watoto watatu, na maji yananunuliwa kwa ndoo. Kumwambia mama huyo "wapigishe mswaki mara mbili kwa siku" bila kumuuliza mswaki gani na dawa gani ni kumwongezea aibu.

Na umaskini unalifikia jino hata kabla halijatokeza, jambo ambalo wengi hawalijui. Tabaka gumu la nje la meno ya utoto huanza kujengwa mtoto akiwa tumboni na hukamilika karibu na mwaka wa kwanza. Mama akikosa lishe, mtoto akizaliwa njiti, akiugua sana miezi ile ya mwanzo, tabaka hilo linaweza kutoka na kasoro: vishimo, mistari, sehemu laini. Jino la namna hiyo likikutana na sukari halichukui muda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Wengi wa watoto hao ndio tunaowapokea baadaye wewe na mimi.

Sasa matibabu. Kwenye vituo vya serikali mtoto wa chini ya miaka 5 ana msamaha wa malipo. Jino lake linaanza kumliza kwelikweli akiwa na miaka 6 au 7, msamaha umeshapita. Mama anakuja, biashara ya siku hiyo hakuna, nauli ya watu wawili imetoka. Namwambia jino hili linazibika. Ananiuliza kuziba bei gani. Namjibu. Ananyamaza, kisha ananiuliza kung'oa bei gani.

Siyo kwamba njia nafuu hazipo. Mbinu ya kuziba jino bila mashine ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, unajaza saruji ya meno inayotoa floraidi, umeme hauhitajiki na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Na ipo dawa ya maji yenye fedha na floraidi, inapakwa kwa brashi ndogo kwenye tundu na uozo unasimama. Inaacha doa jeusi, lakini mtoto analala. Saruji hiyo, dawa hiyo na dawa ya meno yenye floraidi viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2021. Inanichoma moyo kuingia kituo nikakuta koleo la kung'olea lipo na saruji haipo. Kilichobuniwa kwetu kikawafaa wenzetu, na sisi wenyewe tunakikosa.

Kuhusu yule binti wa mahindi: asisubiri. Jino likimnyima mtoto usingizi, ujue uozo umeshafika kwenye neva. Akianza kuvimba shavu au kupata homa, apelekwe siku hiyohiyo.

Mama Nassor, Glasgow

Nimesoma nikakumbuka shule ya wanangu hapa Uskoti. Hapa nako meno ya watoto yalikuwa mabaya sana, na mabaya zaidi kwenye mitaa ya wenye hali duni. Wana mpango unaitwa Childsmile. Kwenye shule za awali watoto wanapiga mswaki kila siku pamoja, mwalimu akiwasimamia, na kila mtoto anapewa mswaki na dawa ya meno vya kwenda navyo nyumbani, mara kadhaa kabla hajafika miaka 5. Mitaa maskini inaongezewa: watoto wanapakwa floraidi kwenye meno mara mbili kwa mwaka hapohapo shuleni. Hakuna mzazi anayeulizwa kwa nini. Nafanya usafi usiku, narudi asubuhi watoto wanaondoka, kwa hiyo naelewa vizuri habari ya yule mama wa feri. Ule mswaki wa shuleni kuna siku ndio pekee mwanangu aliopiga.

Mkazi wa Arumeru

Tabibu, huku kwetu watu wanaikimbia hiyo floraidi. Maji ya visima yanayo nyingi, watoto wana meno ya kahawia. Wenye uwezo wananunua maji ya chupa, sisi tunakunywa ya bomba la kijiji. Shemeji yangu akiona neno floraidi kwenye dawa ya meno anairudisha dukani. Yuko sahihi?

Tabibu wa Meno

Mkazi, hayo madoa ya kahawia si kuoza. Yanatokea floraidi ikizidi kwenye maji ya kunywa wakati jino linajengeka ndani ya taya. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huko kwenu visima vingi vinapita hapo. Magadi ya kupikia makande nayo huongeza. Kwa mtoto mdogo, hangaikeni na maji kwanza: ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa. Dawa ya meno asiikimbie, apunguze kiasi na amsimamie mtoto ateme. Na mtu mwenye meno ya kahawia anaweza kuoza meno pia akila sukari siku nzima.

Mwalimu wa Awali

Ahsanteni sana, na Tabibu Mungu akulipe. Bibi wa yule binti nimeongea naye leo, kesho asubuhi tunakwenda kituo cha afya pamoja.

Kuna jambo la getini. Anayewauzia ubuyu na pipi ni mama wa mtoto wa darasa langu. Mwalimu mkuu alitaka kumfukuza, nikamwomba niongee naye kwanza. Ameniambia aliwahi kuuza maembe na matango: yasipoisha leo, kesho yameoza na mtaji umekwenda, ubuyu unakaa mwezi mzima. Hoja yake naiona. Tumekubaliana ajaribu mihogo ya kuchemsha na karanga, sisi walimu tutakuwa tunanunua inayobaki. Uji wa shule nao unapikwa mtamu mno, hilo nitalisema kwenye kikao.

Wazo la Mama Nassor nimelipenda. Naweza kuchangisha miswaki, dawa itakuwa ya kushirikiana. Nifanyeje isiwe chanzo cha magonjwa?

Tabibu wa Meno

Inawezekana, na si kazi ya gharama. Kila mtoto mswaki wake, jina limeandikwa kwenye mpini. Usipitishe tyubu kwenye miswaki. Kamulia dawa kwenye sahani safi, matone tofautitofauti, kila mtoto achote lake. Kwa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere kinatosha, chini ya hapo punje ya mchele. Angalia kwenye boksi iwe na floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm. Dawa za mitishamba nyingi hazina. Wakimaliza wateme tu, wasisukutue kwa maji mengi, ile inayobaki ndiyo inayofanya kazi. Miswaki ioshwe, isimamishwe wima kwenye ubao wenye matundu, vichwa visigusane, ikauke kwa hewa.

Kwenye kikao waonyeshe wazazi kitu kimoja: jinsi ya kuinua mdomo wa juu wa mtoto wakiwa mwangani. Ukiona mstari mweupe usiong'aa karibu na fizi, jino limeanza kupoteza madini na bado linaokoleka kwa dawa ya meno na kupunguza tamu. Likifika kahawia na tundu, ni kwetu.

Na waambie kuhusu gego la miaka 6. Linatoka nyuma kabisa, halisubiri jino lolote ling'oke, kwa hiyo wazazi wanadhani ni la utoto na kusema litatoka jingine. Halitoki jingine. Nimeletewa watoto wa miaka 8 gego hilo limebaki ganda. Nitumie tarehe ya kikao, nitakuja na kioo na taa, nianze na wenye miaka 6.