Tektronix 465: laini ya +15 V ina shoti, nianzie wapi?

koili_22:
Wakuu, habari. Nina oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) Tektronix 465. Feni inazunguka, taa ya pawa inawaka, lakini kioo ni giza tupu. Laini ya +15 V inasoma 0.4 V na nyingine zimeyumba. Nikichomoa plagi na kupima ohmu kati ya +15 V na ethi napata 1.2, hata nikigeuza waya za mita. Fyuzi ni nzima. Nibadilishe transista za regyuleta (sehemu inayoshikilia volti zisiyumbe)?

mikrofaradi:
Mkuu, ziache transista kwanza. Ohmu 1.2 pande zote mbili ni shoti upande wa mzigo, na regyuleta imebana mkondo ili ijiokoe. Mtuhumiwa wa kwanza katika vifaa vya umri huu ni kapasita za tantalamu, zile ndogo zenye umbo la tone. Tabaka lake la oksaidi likitoboka mahali pamoja, mkondo wote unakimbilia hapo, joto linapanda na kapasita inageuka kipande cha waya.

Namba unayoipata ina habari ndani yake. Laini hupita kwenye rezista ndogo au koili kabla ya kufika kwenye baadhi ya hatua. Ungesoma kama ohmu 10, ungetafuta shoti nyuma ya rezista ya 10, na mara nyingi rezista hiyo huwa imeungua rangi. Kwa 1.2 kapasita iko moja kwa moja kwenye laini, au nyuma ya koili.

Usianze kung'oa moja moja. Plagi ikiwa nje, tumia pawa saplai ya mezani: weka 0.5 V, kikomo cha mkondo 0.5 A, chanya kwenye +15 V, hasi kwenye ethi. Kwa volti hiyo silikoni (diodi na transista) haifunguki, kwa hiyo karibu mkondo wote unaenda kwenye shoti. Weka mita kwenye milivolti, waya hasi kwenye ethi, kisha fuata laini kutoka unapoingiza umeme. Namba inashuka kadiri unavyokaribia shoti. Ukiipita haishuki tena. Pale inapoacha kushuka ndipo pa kuchunguza.

risasi_60_40:
Naongezea kuhusu kapasita mpya. Kwenye laini ya 15 V usiweke tena tantalamu ya 20 V. Weka ya 35 V, au elektroliti ya alumini ya 105 °C, 35 V, yenye mikrofaradi zilezile. Angalia alama kwa makini: kwenye tantalamu alama huonyesha chanya, kwenye elektroliti mstari huonyesha hasi. Wengi huigeuza hapa, na kapasita mpya hupasuka dakika za mwanzo.

Na usishawishike kubadilisha tantalamu zote kwa mkupuo. Kila tundu unalolipasha moto kwenye bodi ya zamani linaweza kung'oka na shaba yake, ukaongeza ubovu ambao haukuwepo.

koili_22:
Nashukuru sana. Kwenye kiunganishi nilisoma 480 mV, zikashuka hadi 310 kwenye bodi ya vatiko (ya ishara ya wima), na hapo kapasita moja ilikuwa vuguvugu. Nimeitoa, ohmu zimepanda kupita 100. Niwashe?

mikrofaradi:
Weka mpya kwanza, kisha washa ukiwa na balbu ya wati 60 ya waya wa tangsteni, imefungwa kwa mfululizo na plagi, ili ibane mkondo kama bado kuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima. Ikififia, ondoa balbu na pima +55 V kabla ya nyingine, kwa sababu zote zinaifuata hiyo. Kisha +110, +15, +5 na -8. Ikiwa +55 iko ndani ya kiwango cha kitabu cha mwongozo, usiiguse skrubu yake ya kurekebishia. Ukiisogeza umevuruga kalibresheni ya mashine nzima.

Eneo la kioo usilipime kwa mita ya kawaida. Kathodi (ncha hasi ya bomba la kioo) ina zaidi ya volti 2,000 hasi. Hapo inatakiwa probu ya volti kubwa.

risasi_60_40:
Ukipata mstari lakini unarukaruka unapogeuza kitufe cha volti kwa mraba (kinachopanga kila mraba wa kioo ni volti ngapi), chovya kipande cha karatasi nene kwenye alkoholi ya isopropili, kipitishe taratibu kati ya kontakti, rudia hadi kitoke safi. Usipulizie dawa ya mafuta kwenye atenueta (sehemu ya kitufe hicho inayopunguza ishara). Mabaki yake huvujisha ishara.