Habu za nyuma za Land Rover 110 zinalegea kila baada ya kukazwa

Mlongido

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninatumia Land Rover 110 ya mwaka 1988, yenye ekseli ya Salisbury na breki za dramu nyuma, kubebea abiria na mizigo kati ya Longido na minada ya pembezoni, ambako njia ni vumbi, mawe na makorongo yenye mchanga. Habu zote mbili za nyuma (vitovu vinavyoshika magurudumu) zinacheza, lakini ya kushoto imezidi: nikiinua gari kwa jeki na kulishika gurudumu juu na chini, linatikisika hadi mlio wa chuma kugonga chuma unasikika. Fundi wa karibu nami hukaza nati ya bering kwa tindo na nyundo, gari likatulia, kisha baada ya safari chache hali hurudi ile ile. Bering zimekwisha kubadilishwa. Sasa mafuta ya difu yameanza kuonekana upande wa ndani wa tairi, na breki ya upande huo imepungua nguvu. Je, niendelee kukaza, ninunue habu nzima, au kuna kitu kingine kinacholegea ambacho hatukioni? Gari hili hupanda wazee na akina mama wenye watoto, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Fundi wa Iringa

Ndugu Mlongido, kwanza usilitembeze gari hilo na abiria mpaka lifunguliwe. Katika ekseli ya namna hii uzito wa gari haubebwi na hafu shafti, yaani shafti inayozungusha gurudumu, bali na bering mbili zilizokaa juu ya stabu ekseli, ule mhimili mfupi uliofungwa mwishoni mwa ekseli, na kinachoizuia habu isitoke ni zile nati mbili tu pamoja na washa inayozifunga. Nati zikiachia, gurudumu hutoka pamoja na dramu na hafu shafti yake.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba kinachocheza ni habu kweli. Inua gari, liweke juu ya stendi imara, kisha mtu mmoja akanyage breki wakati wewe unatikisa gurudumu. Mchezo, yaani huko kutikisika, ukipotea, tatizo liko kwenye bering au mahali zinapokaa. Mchezo ukibaki, tazama bolti 6 zinazoifunga stabu ekseli kwenye ekseli, kwa maana hizo nazo hulegea na watu wengi hawazikumbuki. Tazama pia bushi za mikono ya nyuma na ile bol jointi iliyo juu ya ekseli.

Kama ni habu, mimi sidhani kwamba nati ndiyo mkosaji. Bering mpya ikilegea tena upesi namna hiyo, ina maana kwamba imekalia chuma kilicholika. Toa bering zote, futa gris kabisa, kisha ingiza bering ya ndani kwa mkono kwenye stabu ekseli. Inatakiwa iteleze bila kuyumba. Pitisha ukucha upande wa chini wa mahali inapokaa, kwa sababu uzito wote wa gari hukandamiza hapo: ukihisi ngazi, yaani mahali palipolika pakawa chini kuliko pengine, hata ndogo, stabu ekseli imekwisha. Halafu tazama kikombe cha nje cha bering ndani ya habu. Kikitoka kwa kusukumwa na vidole, au ukuta wa habu ukiwa unang'aa kama kioo, kimekuwa kikizunguka, na habu hiyo haifai tena.

Msafiri wa Maralal

Naunga mkono maelezo ya Fundi wa Iringa, nami naongeza jambo moja kuhusu kukaza. Hii ya tindo na nyundo iachwe. Nati hizo zina spana yake ya boksi ya 52 mm, ambayo si ghali ukilinganisha na bei ya bering. Nati ya ndani hukazwa huku habu ikizungushwa ili rola zikae sawasawa, kisha hurudishwa nyuma kidogo mpaka ubaki mchezo mdogo sana, usiozidi 0.10 mm. Hupimwa kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale na uso kama wa saa) inayogusa uso wa habu wakati unaivuta na kuisukuma. Washa ya kufungia iwe mpya kila mara, kwa kuwa sikio lililokwisha kukunjwa na kunyooshwa huvunjika. Ukishakaza nati ya nje, pima tena, kwani mara nyingi kuikaza huisukuma ile ya ndani na kipimo hubadilika.

Anayekaza mpaka habu iwe ngumu kuzunguka anaiunguza bering: gris huyeyuka, rola hubadilika rangi kuwa bluu, na baada ya hapo mchezo hurudi ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza. Huenda ndicho kilichokuwa kikitokea kwako.

Naomba pia msomaji mwenye Defender (jina ambalo gari hili lilipewa baadaye) za miaka ya baadaye asiufuate utaratibu huu bila kutazama alichonacho, kwa sababu hizo zina bomba la kutenganisha bering na nati moja tu inayokazwa kwa 210 Nm.

Mlongido

Nawashukuru sana. Tumefungua upande wa kushoto. Mchezo ulipotea breki ilipokanyagwa, na ndani tulikuta kipande cha bati la kopo kimezungushiwa kikombe cha bering ili kibane, sikuwahi kuambiwa. Stabu ekseli ina ngazi inayohisika wazi upande wa chini, na ile washa yenye ulimi, inayokaa kati ya bering na nati, imepoteza ulimi wake, kwa hiyo ilikuwa ikizunguka pamoja na bering na kuisukuma nati. Breki shuu zimelowa mafuta. Upande wa kulia stabu ekseli ni nzima, isipokuwa washa ya kufungia imechoka. Je, nikipata habu iliyotumika lakini nzima, niichukue?

Fundi wa Iringa

Ichukue, mradi vikombe vipya viingie kwa kugongwa na si kwa kusukumwa na kidole. Stabu ekseli nunua mpya. Bering ni yenye namba ya spea RTC3429, ya ndani na ya nje ni moja, kwa hiyo utahitaji mbili kila upande. Kataa ambayo kikombe na rola zake havikutoka katika boksi moja. Breki shuu zilizolowa mafuta badilisha pande zote mbili, kwa maana kuzichoma au kuziosha kwa petroli hakuyatoi mafuta yaliyokwisha kunywewa.

Tafuta pia kwa nini mafuta yalipita. Weka sili mpya, kisha zibua pumulio, tundu la kupitisha hewa lililo juu ya ekseli, ambalo kwenu huko lazima limejaa vumbi: likiziba, hewa iliyopata joto husukuma mafuta kupitia sili. Na ukifika kwenye korongo lenye maji baada ya mwendo mrefu, subiri habu zipoe kabla ya kuvuka, kwani habu ya moto ikizama ghafla hufyonza maji na mchanga.

Bolti 5 za hafu shafti zikaze kwa 65 Nm. Tembeza gari tupu kama kilomita 20, kisha shika habu zote mbili kwa mkono: vuguvugu ni sawa, lakini ikikufanya uondoe mkono, fungua na ulegeze kidogo. Pima mchezo tena baada ya juma la kwanza la kazi, ndipo upakie abiria wako.